Mbega na Habari za Kileleni

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma bado mnasinzia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na mkukusu, mti mrefu kuliko miti yote msituni. Mrefu kwelikweli! Mvua ikianza kileleni, wa shinani wangali wanaota jua. Wanyama walikaa humo tawi juu ya tawi, na sheria yao ilikuwa moja: hupiti kwa mwenzio bila kumsalimu. Ukipita kimya, unahama.

Siku moja Mbega alimlaza mwanawe shinani, katika shimo la mizizi, akapanda kileleni kuchuma majani machanga. Kutupa macho mlimani, lo! Mto umevunja kingo! Maji mekundu yanakuja, guuu, guuu, yanang'oa miti.

"Mwanangu!" Akashuka. Paraa! Paraa!

Tawi la kwanza, Mzee Kindi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Habari za juu?"

Nanyi mnajua, mkubwa akikuuliza habari huanzi na mbaya. Mbega akasema, "Njema, babu, ila..."

"Vizuri. Mwanao je?"

"Mzima, ila..."

"Na mamako, mguu umepona?"

"Umepona, babu."

Guuu, guuu. Babu alipomaliza, Mbega akaruka, habari ya maji hajaitoa.

Tawi la pili, Bibi Hondohondo. "Habari za juu?"

"Njem..." Mbega akasita. "Mbaya! Mbaya, bibi! Maji yanakuja!" Akampita bila shikamoo.

"Huna adabu! Leo unahama!" Hondohondo akafoka. Kisha akatazama mtoni, akawaita wanawe juu.

Mbega alitua shinani, maji yanamfika kiunoni. Akatia mkono shimoni. Hamna. Akatia tena. Hamna. Akazamisha kichwa, akapapasa, akashika mkia! Akamvuta mwanawe, wakapanda, na maji yakalifunika shimo.

Maji yalipopungua, Mzee Kindi akashuka, anaangaza huku na huku.

"Mjukuu wangu mmemwona?"

Akamgeukia Mbega.

"Tangu asubuhi ananiomba aende mtoni kunywa. Namkataza. Ulipopita, Mbega, nikakuuliza habari. Ukasema njema. Nikamruhusu, akateremka kwa upande ule wa pili wa mti."

Mbega alimkumbatia mwanawe, akalia. Aliona haya hata kumtazama mzee.

Basi, wakubwa na wadogo, ukibeba habari ya hatari, itoe kwanza. Shikamoo itasubiri.

Hadithi yangu imekomea hapo.