Hata Maiti Hupimwa Homa

Wajukuu, mmesikia watu wakisema, "Hata maiti hupimwa homa," mkacheka. Methali hii ilianza hivi.

Katika kiwanda kimoja cha mkonge upande wa Korogwe, mafundi walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyegusa nyaya za mashine mpaka umeme uzimwe. Aliyeshusha swichi kuu alipaza sauti, "Amekufa!" Waliokuwa kwenye mashine waliitikia, "Azikwe!" kisha wakaingiza mikono. Miaka ikapita, wito ule ukaaminiwa kuliko macho.

Siku moja mashine ya kuchakata majani ilikoroma, ikasimama. Nje mkonge ulikuwa umerundikana unakauka, na msimamizi anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kihiyo, fundi mwenye mikono myepesi, akafungua kifuniko cha mota. Hakuwa na wasiwasi; nyaya zile alizijua kama vidole vyake.

"Amekufa!" sauti ikatoka chumba cha swichi.

"Azikwe!" akaitikia Kihiyo, akanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza, kaka," akasema Nasemba, fundi aliyehamia pale mwezi ule. Alikuwa na testa mkononi, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka penye umeme. Aliijaribu kwenye soketi ya ofisi, yenye njia yake ya umeme; ikawaka. Ni nzima. Ndipo akaisogelea mota.

Kihiyo akaangua kicheko. "Dada we! Unampima maiti homa?"

"Mpe na vidonge!" mwingine akadakia, hata msimamizi akacheka.

Nasemba akagusa waya wa kwanza kwa testa. Kimya. Wa pili, kimya.

"Haya, umeridhika?" Mkono wa Kihiyo ulikuwa umeshafika juu ya waya wa tatu.

"Bado huo. Toa mkono, kaka."

Akautoa, kwa kumridhisha tu. Testa ikawaka.

Umeme ulipokatwa kwenye transfoma na swichi kufunguliwa, walikuta kisu kimoja kati ya vitatu, vile vipande vya shaba vinavyopitisha umeme, kimevunjika, kimenasa juu. Mpini ulishuka, moto ukabaki.

Kihiyo alikaa juu ya ndoo, akiufungua na kuufumba mkono wake.

"Dada," akasema, "kumbe homa anayo."

Tangu siku ile, mtu akiita "Amekufa!" hakuna aliyejibu "Azikwe." Walisubiri testa. Na mgeni akiwacheka kwa kuchelewa, Kihiyo ndiye aliyemjibu wa kwanza, bila hasira:

"Hata maiti hupimwa homa."