Kuro na Pembe Isiyogusa

Paukwa!

Pakawa!

Nimekuja na neno zito, mtalibeba?

Tua, tukupokee!

Hapo zamani za kale alikuwako Kuro dume, swala mkubwa mwenye pembe ndefu. Mkewe alikufa kwa ukame, akamwachia binti mmoja tu.

Kuro alijifunza vita kwa mzee Pofu, mkubwa wa swala wote, miaka saba. Desturi ya wanafunzi wake ilikuwa hii: pembe husimama upana wa kidole kabla ya ngozi. Anayeelekezewa hujiangusha mwenyewe, akasema, "Nimeshindwa, ndugu yangu." Hakuna aliyeumia. Na kuitazama, ilipendeza.

Jirani yake Ngiri alicheza mieleka uwanjani, wanyama wakishangilia. Huko waligongana kweli.

Siku moja Ngiri akamwambia, "Jirani, njoo tukabane kidogo."

"Sisi hatugusani," akajibu Kuro.

Mara ya pili Ngiri akasema, "Njoo bwana, nitakuangusha kwa adabu!" Kuro akacheka, akakataa.

Mara ya tatu Ngiri hakutania. "Jirani, una mtoto. Njoo umjue asiyetaka kuanguka."

"Tazama unavyochechemea," akasema Kuro. "Uwanja umekula nyonga yako."

Ngiri akageuka, akaenda zake akichechemea, maana ilikuwa kweli.

Siku nyingine Fisi akaja, mchana kweupe. Kuro akasimama mbele ya binti yake, akamrukia Fisi. Pembe ikasimama upana wa kidole. Fisi akafumba macho, akafumbua. Hakuanguka.

Kuro akamrukia mara ya pili. Pembe ikasimama. Fisi akacheka, "Bwana mkubwa, wanipima nguo?"

Mara ya tatu Kuro alijikaza, akalia kwa hasira, lakini miguu ilijifunga yenyewe. Miaka saba ilikuwa ndani ya miguu ile. Fisi akapita chini ya pembe, akamnyakua mtoto.

"Ngiri! Ngiri wee!" akaita Kuro.

Ngiri akaja, mguu mmoja ukiburuta. Alipofika palikuwa na vumbi tu.

Pofu akaja matangani. "Niliwafunza msiumizane," akasema. "Wasio wenzetu sikuwafikiria." Hakuna aliyemlaumu. Wakakaa chini watatu, Kuro, Ngiri na Pofu.

Wanangu, mwenzako akijiangusha kila siku, hujajua nguvu zako. Na mchezo usiokuhurumia hukufunza kupigana, kisha hukunyima mguu wa kufikia vita.

Hadithi yangu imekoma. Mkiiona tamu, gawaneni. Mkiiona chungu, niachieni niimeze mwenyewe.