Mchaichai wa Ukingoni

"Dawa ya shamba hunywewa mezani." Mmemsikia baba yenu akimwambia hivyo jirani aliyekuwa akipulizia kabichi, nanyi mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, hapa hapa Mgeta, na mimi nilikuwepo.

Nilikuwa bado mke mgeni, nina mimba ya huyo baba yenu. Mama mkwe wangu, Mama Leokadia, alipanda mchaichai kwenye kingo za shamba ili udongo usishuke na mvua. Upande wa juu, kijana aitwaye Apolinari alilima nyanya.

Siku ya kipaimara cha wifi yangu, mama mkwe alikata mchaichai ule, akachemsha sufuria kubwa ya chai ya wageni. Mzee Kobero, mjomba wa mume wangu, hakungoja wenzake. Alikunywa kikombe, akaomba cha pili. Mimi changu kilikuwa cha moto, nikawa nakipuliza.

Ndipo Apolinari akaingia uani akihema. Alitoka kanisani akapitia shambani, akaona mchaichai umekatwa.

"Mama, chai hiyo ni ya mchaichai wa ukingoni?"

"Ndiyo, baba. Karibu unywe."

"Msinywe. Jana nilipiga dawa ya wadudu, upepo ukaiteremsha kwenu. Niliona, nikanyamaza."

Wanaume wawili waliinuka kwa hasira, lakini yeye hakuondoka. Nilikiweka kikombe chini. Hata kabla chai haijamwagwa yote, Mzee Kobero alianza kutoka jasho, akatapika. Apolinari huyo huyo alimbeba mgongoni hadi zahanati, akamtajia mganga ile dawa ya nyanya, naye akajua pa kuanzia tiba.

Mzee alipona. Alipokuja nyumbani kutushukuru alimkuta Apolinari, nasi tukaogopa kwamba atamlaani. Akamshika mkono.

"Mwanangu, ulikosea. Lakini ungeona aibu kuja kusema, leo hawa wangekuwa wananililia. Asante. Ila sasa tujue sote: dawa ya shamba hunywewa mezani."

Tangu hapo Apolinari hakubeba bomba lake la kupulizia bila kwanza kupita kwetu kutuarifu, na upepo ukivuma aliliacha nyumbani. Mchaichai tuliuhamishia nyuma ya jiko. Baba yenu alizaliwa mzima, analia kwa nguvu, na mama mkwe akasema hatafuti mtu mwingine wa kumsimamia ubatizo ila Apolinari. Ndiye yule babu anayewaletea nyanya kila mavuno, nami kila nikimwona nashukuru upya.

Basi mtu anapopulizia mimea yake, asidhani dawa inaishia kwenye majani. Kuna mwenzake mahali atamiminiwa kikombe. Dawa ya shamba hunywewa mezani.