Mtama Uliovaa Manyoya

Paukwa!

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na tumbo.

Tumbo lilisemaje?

Guruguru, guruguru.

Lilitaka nini?

Lilitaka la mwenzie.

Haya, sogeeni. Na wewe uliyeshiba huko nyuma usianze kusinzia, maana hadithi hii ni ya tumbo, na tumbo halilali.

Hapo kale, pembeni mwa shamba la mtama, aliishi Panya mmoja mjane, jina lake Mwanatumu. Mumewe aliliwa, na nani, mtajua wenyewe. Alikuwa na watoto wanne wachanga, hata macho hawajafumbua, amewaficha katika shimo chini ya kihenge, lile ghala la fito ambamo watu huweka mtama wao. Mwanatumu alikuwa mwoga. Nasema mapema, msije mkadhani nawasimulia habari za shujaa. Jani likianguka, moyo wake du-du-du. Kanga akikohoa, du-du-du. Na woga huo ndio uliomfikisha umri ule, kwa sababu panya jasiri hawazeeki.

Ng'ambo ya pili, kwenye majabali, aliishi Bwana Fungo. Kama hujawahi kumwona Fungo, ni mnyama wa madoa, mkubwa kuliko paka, mwenye zabadi, ile harufu nzito inayofika kabla yake na kubaki akishaondoka. Alikuwa na nguvu na alikuwa mlafi. Mahindi alikula. Mtama alikula. Uwele alikula, na aliyekula uwele naye alimla.

Mwaka mmoja mavuno yakawa mema kupita kiasi. Fungo akaingia shambani kichwa chini, akala siku tatu hajainua shingo. Siku ya nne tumbo likavimba likawa ngoma. Guruguru, guruguru, pwata! Akilala chali, guruguru. Akilala ubavu, guruguru. Akalia kwa maumivu mpaka machozi yakamtoka, na wote waliomwogopa wakajificha wapate kusikiliza vizuri.

Akajikokota mpaka kwa mganga, Mzee Kobe. Kobe akamgonga tumbo, akasikiliza, akampa mizizi ya kuchemsha. Lakini kila dawa na mwiko wake. Mganga akikupa dawa bila mwiko, mrudishie dawa yake.

"Nafaka isipite kinywani mwako," Kobe akasema. "Si kwa kubugia, si kwa kuonja. Ikipita chembe moja, tumbo litaunguruma tena. Na safari hii halitavimba, litapasuka."

Fungo akauliza ni kwa siku ngapi. Kobe akajibu kwamba atakuja mwenyewe kumwambia zikitosha. Na Kobe mnamjua mwendo wake.

Basi Fungo akashika mwiko. Siku saba zikapita, tumbo likapoa, kiuno kikarudi, macho yakang'aa. Hapo ndipo tabu ilipoanza, kwa kuwa mtu aliyepona tumbo hanyamazi. Akamkalisha Njiwa kitako akamweleza ubaya wa uwele. Akamhutubia Nyoka asubuhi nzima juu ya madhara ya mpunga, na Nyoka tangu azaliwe hajatia punje mdomoni. Porini kote ikawa habari ni hiyo hiyo: tangu niache nafaka nalala vizuri, tangu niache nafaka mwili mwepesi. Watu walimcheka.

Mwanatumu hakucheka. Alikaa mlangoni mwa shimo lake akapiga hesabu ya kina mama. Tumbo la Fungo ni lile lile. Pengo la mtama litajazwa na nini? Matunda yamekwisha miti yote. Mizizi haigusi, anasema ni kazi ya nguruwe. Imebaki nyama. Mwanatumu akawatazama watoto wake wanne, laini, hawana hata mfupa mgumu.

Siku ya siku, adhuhuri, wenye shamba wamekwenda kula, Mwanatumu akatoka mbio mpaka uwanja wa kupuria. Njaa ilimtoa, mama asipokula, maziwa hayatoki. Akaokota punje, akatafuna. Akaokota nyingine, akatafuna. Akaokota ya tatu.

Kwanza ilifika zabadi.

Kabla hajageuka, kishindo! Kiganja kikamkandamiza mkia wote na nusu ya mgongo. Hewa ikamtoka. Juu yake aliona meno, na nyuma ya meno giza, akajua mumewe aliliona giza lile lile. Moyo haukupiga tena du-du-du, ulikimbia tu kama mvua juu ya bati.

Akasema neno la kwanza lililomjia. "Shikamoo, Bwana Fungo."

"Marahaba," akajibu Fungo. Adabu ni adabu.

"Mwiko wako unaendeleaje?"

Hapo alimgusa penyewe. Fungo alikuwa hajapata mtu wa kumuuliza tangu Njiwa ahame. Akaanza kueleza usingizi, akaeleza wepesi, akaeleza choo chake kwa urefu, kiganja kikiwa pale pale mgongoni mwa mwenzie. Mwanatumu akangoja amalize.

"Basi nakuonea huruma," akasema. "Sasa hivi nimekula mtama. Jana nilikula mtama. Juzi uwele. Mimi, Bwana Fungo, ni mtama uliovaa manyoya. Ukinila mimi, kuna tofauti gani na kuingia shambani?"

Fungo akainama akamnusa mdomo. Ni kweli, ulinuka mtama mbichi. Akalikumbuka lile tumbo, akatetemeka singa zote. Mwanatumu akaona kiganja kinalegea, akashukuru moyoni.

Alishukuru mapema. Mlafi si mjinga, watoto wangu, ni mtu mwenye subira kwa jambo moja tu. Fungo akatafakari, kisha akasema, "Mimi nilisafika kwa siku saba. Wewe mdogo, tatu zitakutosha." Akamshika kwa ngozi ya shingo, akamchukua mpaka pangoni mwake, akamtia kwenye pembe ya jiwe yenye mlango mmoja, na mlango huo akaulalia yeye.

Na nani yuko shimoni chini ya kihenge?

Watoto wanne.

Wana macho?

Hawana.

Wana chakula?

Mama yao amefungwa.

Mnaona sasa. Akisafika ataliwa. Asiposafika, watoto watakufa kwa njaa. Ile jioni Mwanatumu alilia bila sauti, kwa kuwa sauti ingemwambia Fungo kuna kitu cha kuliliwa, na angeuliza kiko wapi.

Fungo akamletea viazi vitamu na mihogo, akamwambia ale ashibe. Na asubuhi, mniwie radhi, hadithi ya tumbo haikwepi mavi: asubuhi Fungo akachukua kijiti, akapekua choo cha Mwanatumu kimoja kimoja. Akaona makapi ya mtama. Akaguna, akatoka kuwinda.

Akarudi na kanga mnono. Akamweka chini, akafungua mdomo. Mwanatumu aliona kwamba Fungo akishiba nyama atakuwa na nguvu za kumlinda daima, na pia, tuseme kweli, alimhurumia kanga.

"Kanga anakula nini?" akauliza.

"Anachakura tu."

"Anachakura wapi?"

Fungo akapasua gole la kanga, kile kifuko cha chakula shingoni. Prrr, ukamwagika mtama. Akaruka nyuma, akamtupa kanga nje, akaosha kucha kwa mchanga. Tumbo lake tupu likasema guruguru. Fungo akashtuka.

"Umesikia?" akanong'ona Mwanatumu. "Harufu yake tu."

Mchana akaleta mjusi. Mwanatumu akauliza mjusi anakula nini. Anakula wadudu. Wadudu gani? Dumuzi. Na dumuzi anaishi wapi? Anaishi ndani ya mahindi. Basi mjusi amekula nafaka. Mjusi akatupwa. Guruguru.

Jioni akaleta nyoka. Nyoka anakula nini? Panya. Na panya anakula nini? Fungo akamtazama Mwanatumu, akamtazama nyoka, akamtupa nyoka mwenyewe bila kuambiwa. Guruguru, guruguru, na kadiri tumbo lilivyolia kwa njaa ndivyo alivyoamini kuna nafaka iliyopenya. Na kadiri alivyoamini, ndivyo alivyozidi kutokula.

Mnacheka. Mwanatumu hakuwa na kicheko. Kila kitoweo alichokitupa nje Fungo kilimfanya amtazame yeye kwa jicho lingine. Usiku kucha alisikia tumbo lile likilia umbali wa shubiri moja. Aliwakomboa mjusi na nyoka, na mwenye kulipa alikuwa yeye. Tena maziwa yalikuwa yanakauka, aliyahisi yakikauka, kwa kuwa kiazi si mtama. Siku ya pili akapekuliwa, makapi mawili. Akala kiazi kidogo sana, ajizuie kwenda choo. Lakini mwili hausikii siri za mwenyewe.

Asubuhi ya tatu Fungo akapekua kwa kijiti. Akapekua mara ya pili. Hapakuwa na kapi, hapakuwa na punje, ni rangi ya kiazi peke yake.

"Umesafika," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upendo, na hilo ndilo lililomtisha Mwanatumu kuliko yote.

Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa jiwe. Meno yale, giza lile. Hakuwa na hila yoyote aliyoiweka akiba, msidanganyike. Alikuwa na woga tu, na woga una macho makali. Akaona koo la Fungo likipanda na kushuka, gluk. Likapanda tena, gluk. Fungo alikuwa anameza mate ya hamu.

"Nimesafika," akasema Mwanatumu, "lakini wewe je? Umekula nini toka juzi?"

"Sijala kitu."

"Na tumbo linalia kwa nini?"

Tumbo likajibu, guruguru.

"Kuna nafaka inapita," akasema Mwanatumu.

"Inapita wapi, na mdomo nimeufunga?"

"Si unameza mate? Mate yanatoka mwilini mwako. Na mwili huo ulijengwa kwa nini miaka yote? Mama yako alikunyonyesha akila mtama. Wewe umekula mtama mpaka ukaugua. Hakuna mtama porini uliokolea kama wewe. Kila ukimeza, Bwana Fungo, unavunja mwiko."

Fungo akataka kubisha. Kabla hajabisha akameza, gluk, na papo hapo tumbo, guruguru, kubwa kuliko zote. Macho yakamtoka. Akaachama. Akaachama kabisa, ulimi nje, mate yasipate njia ya kushuka, yakaanza kudondoka chini, to, to, to. Na aliyeachama, wanangu, haumi. Jaribuni wenyewe hapo mlipo.

"Aa-i i-i?" akauliza Fungo. Alitaka kusema, hadi lini?

"Sijui. Mganga si mimi. Nikamuulize Kobe?"

Fungo akaitikia kwa kichwa, taratibu, mate yasije yakarudi kooni.

Lakini mlango aliulalia yeye, na hakuthubutu kujisogeza. Njia ilikuwa moja, chini ya taya lake. Mwanatumu alijua kwamba akikimbia, kile kiganja kitamdaka bila kumuuliza mwenyewe, maana mkono wa mwindaji hufuata kinachokimbia. Ikabidi atembee. Hatua moja. Mate yakamdondokea mgongoni, ya moto. Hatua ya pili. Pumzi ya Fungo ikampeperusha manyoya. Meno ya juu yalipita juu ya kichwa chake, akayahesabu bila kutaka. Hatua ya tatu akaona jua. Akatembea mpaka jiwe la mwisho, kisha akatimua mbio bila kukumbuka alikopita.

Hakwenda kwa Kobe. Nani angekwenda?

Alifika chini ya kihenge akaingia shimoni kwa kichwa. Wote wanne walikuwapo, wamekonda, wanapumua. Akalala ubavu awanyonyeshe. Nao wakapiga kelele, tii, tii, wakajikunyata ukutani, wakapandiana migongo kumkimbia. Hawakuwa na macho, wana pua tu. Aliyeingia alinuka zabadi, na mdomo wake ulinuka kiazi. Kwao huyu alikuwa Fungo.

Mwanatumu akatoka tena nje, mchana kweupe. Akasimama chini ya kihenge akala mtama. Akala mpaka pumzi yake ikanuka mtama. Ndipo akarudi, akawapumulia mmoja mmoja, kimya, hooo, hooo, mpaka yule mdogo akanyoosha pua, akanusa, akasogea. Wa pili akafuata. Maziwa yalikuwa machache, lakini yalitoka.

Mnaniuliza habari za Fungo. Wengine wanasema bado ameachama. Kobe yuko njiani.

Na funzo lake, kwa kuwa najua mama zenu wataniuliza niliwafunza nini: mwogopeni mtama. Unavimbisha tumbo, unavunja miiko, unaharibu mwili. Mganga akikukataza, shika neno lake, wala usihoji hata mara moja.

Nimeitua hapa, anayeitaka aibebe.

Tumeibeba.

Ni nzito?

Uzito wa chungu.

Na harufu hiyo inayotoka jikoni ni ugali wa mtama, kwa hiyo nipisheni nikanawe mikono, na asile mtu kabla yangu.