Hodi ya Tatu ya Bi Taesia

Paukwa!

Pakawa!

Sogezeni kuni, na anayesinzia akalale.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Misri, palikuwa na mjane, Bi Taesia, na mwanawe wa pekee, Koluto. Koluto alimpenda Mungu hata akauhama mji, akaenda kukaa pangoni jangwani, akaweka nadhiri: hatasema na watu mpaka kufa. Sifa zake zikaenea. Wakasema anashiba kwa tende moja, wakasema simba humlamba miguu, wakasema fisi ndiye bawabu wake. La fisi lilikuwa kweli.

Bi Taesia akazeeka, kifua kikaanza kumbana. "Sifi kabla sijaisikia sauti ya mwanangu," akasema. Akafunga dengu, akajitwika chungu, akatembea, akatembea, akatembea, mpaka pangoni.

Fisi akamzuia. "Rudi, bibi. Liwali alikuja, hodi mara tatu, kimya, akaenda zake. Askofu alikuja, hodi mara tatu, kimya, akaenda zake. Desturi unaijua."

"Niliijua kabla hujaota meno. Pisha. Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

Fisi akacheka. "Bado moja, uende zako."

Bi Taesia akatua chungu, akaketi mlangoni. "Hiyo moja naiweka. Hodi zangu hazijatimia, nani atanifukuza?"

Fisi akajikuna kichwa. Hilo hakuwahi kuambiwa.

Basi mama akakaa. Akafagia mlango wa pango, akapika dengu, akamfokea fisi kwa miguu yake michafu. Kila asubuhi fisi akauliza, "Bibi, huendi?" Naye akajibu, "Hodi yangu bado." Huko ndani harufu ya dengu ikamfikia Koluto katikati ya sala, akaianza upya. Ikamfikia tena, akaianza upya tena.

Siku moja homa ikamwangusha Bi Taesia. Fisi, aliyekwisha kuzoea ukoko wa chungu kile, akalia, "Itoe, bibi!"

"Nikiitoa naye akanyamaza, itabidi niondoke. Kwa miguu hii sitafika nyumbani."

"Usipoitoa, utakufa nayo."

Mama akaona fisi amesema kweli. Akavuta pumzi.

"Hodi," akanong'ona.

Upepo ukatulia. Ndani ya pango kitu kikaanguka, kikavunjika.

"Karibu, mama."

Sauti ilikwaruza kama bawaba yenye kutu. Koluto akatoka mbio, ndevu zikigusa magoti, akamwinua mamake.

Fisi akapigwa na butwaa. "Baba! Na nadhiri je?"

"Niliapa kutosema na watu," akasema Koluto. "Mama ni watu?"

Bi Taesia akamtazama mwanawe juu hadi chini. "Kumbe ulimi ungalipo. Umekonda. Haya, nawa mikono, dengu za jana zipo."

Tangu hapo, watawa wa jangwa lile hodi ya kwanza huinyamazia, ya pili huinyamazia. Ya tatu huitikia, maana hawajui aliye mlangoni ni mama wa nani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekula ukoko aoshe chungu.