Mafundo Manne ya Biti Likwena

Kisa! Semeni: kije. Kije na ukweli wake, uongo tuubwage mlangoni. Na wewe, unatafuna nini? Kakupa nani? Tema kwanza, ndiyo nianze.

Hapo kale, kale ile bibi wa bibi zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji kilichokula mhogo mchungu. Mhogo ule una sumu, wanangu. Sumu! Lazima ulale majini siku nne. Na watu wa kale walijua mwenye njaa hujidanganya akihesabu, basi wakaweka mila: siku za mtungi wako anazishika jirani. Kila jioni anakuja, anafunga fundo kwenye kamba ya shingo ya mtungi. Jioni ya kwanza, fundo. Ya pili, fundo. Mpaka yawe manne.

Ukaingia mwaka wa njaa. Somoe, mama wa watoto wawili, Chiku wa miaka mitatu na mdogo wa mgongoni, akaloweka mhogo wake wa mwisho. Mfunga mafundo wake alikuwa Biti Likwena, mjane mwenye huruma, yule wa kumpa kuku maji kabla hajanywa yeye. Chiku analia. Asubuhi analia, jioni analia. Siku ya tatu kunakucha, Somoe anatazama mtungi: mafundo manne. Akahesabu tena kwa kidole. Manne! Na jioni si zilikuwa mbili tu?

Akamwita mjane yule uani, "Bibi, siku zimetimia hizi?"

"Hesabu mafundo, mjukuu wangu."

"Nimehesabu. Ndiyo maana nauliza."

"Ah! Njaa imekuhamisha akili. Mpikie mtoto, huko kulia kwake kunanitoboa moyo."

Maneno matamu, lakini mbona hakumtazama usoni? Somoe aliliona hilo. Akaliona, akalimeza, akakoka moto. Chiku akala, akacheka, akaomba tena. Jua halijafika utosini, akatapika, shingo ikalegea. Alasiri wakamzika.

Kijiji kikaanza kunong'ona: kuna mchawi. Nani? Huyu akamtazama yule, yule akafunga mlango. Siku tatu hakuna aliyeazima moto kwa mwenzake. Ndipo Biti Likwena akaanguka mbele ya wazee.

"Ni mimi. Nilifunga mawili ya ziada. Mtoto alilia, nikashindwa. Wallahi nia yangu ilikuwa nyeupe!"

Mzee Nakuchema akasema, "Nyeupe, Biti, twaiona. Na sanda nayo ni nyeupe."

Somoe akapiga kifua. "Na mimi je? Niliyashuku mafundo, nikapika!"

"Nawe umo, mwanangu."

Hakufukuzwa mtu. Arobaini ilipopita, Biti Likwena akaleta uji wa yule mdogo. Somoe hakumtukana. Alisema tu, "Onja wewe kwanza, bibi." Bibi akaonja. Somoe akasubiri mpaka kivuli cha nguzo kikahama, ndipo akamlisha mwanawe. Ikawa hivyo kila siku, bibi aonje, mama asubiri, mpaka mtoto akamaliza kuota meno.

Basi wanangu, nia njema humwombea mkosaji msamaha. Haimwombei marehemu pumzi.

Kisa nimekitua hapa, mwenye mabega akibebe. Na chakula cha watu, nyie, mniulize kwanza.