Shamba Lililohama na Mipaka Yake

Hapo zamani, milima ya Upare ilipokuwa bado ikijipanga, maana msidhani milima hukaa tu, palikuwa na mjane aliyeitwa Nakunda. Alikuwa na watoto wawili na kishamba kimoja juu mtelemkoni. Kidogo, lakini chake: migomba kumi na saba, maharage, na kwenye pembe nne masale aliyoyapanda marehemu mumewe kuonyesha mpaka. Na masale, kwa watu wa huko, si ya kuchezea. Yakishapandwa, kilicho ndani ni chako, na anayeyang'oa amejitakia laana.

Chini yake alilima Mndeme, mwenye magimbi na mbuzi. Chini zaidi, kando ya mto, alikaa Senkondo. Huyu, miaka sita mizima, alijenga ukuta wa mawe kati yake na mlima. Watu wakamcheka: "Senkondo, unamfungia nani, mlima au mkeo?" Yeye anapanga mawe tu. Mengi aliyachimbua kwenye ukingo wa chini wa shamba la Nakunda, tena kwa ruhusa ya Nakunda mwenyewe, kwa kuwa yalimvunjia majembe.

Mwaka huo mvua ikanyesha. Ikanyesha, ikanyesha, siku tisa bila kupumzika. Asubuhi ya kumi Mndeme alikwenda kuteka maji, akakuta chemchemi imegeuka nyekundu na ardhi inanguruma chini ya nyayo zake. Hakurudi kuwafungulia mbuzi. Alipanda mbio hadi kwa Nakunda.

"Shemeji, toka! Mlima unakuja!"

Akambeba mtoto mmoja, Nakunda akambeba wa pili, wakakimbilia pembeni penye mwamba mgumu.

Mlima ukateleza. Lo! Nyumba ya Nakunda ikavunjika kama chungu, lakini shamba likashuka zima zima, kama mkeka unaovutwa, migomba imesimama, masale kwenye pembe zake. Likayafunika magimbi ya Mndeme, likawafunika mbuzi, likaja kuugonga ukuta wa Senkondo. Ukuta ukapinda, ukashika. Matope yaliyopita kando yakausukuma mto, na mto ukageuka ukala shamba la Senkondo lote. Juu alikotoka Nakunda ukabaki mwamba mtupu.

Kwa hiyo watu watatu, shamba moja. Wazee wakaja, wakalikanyaga, wakatikisa vichwa. "Udongo huu haujatulia," wakasema. "Mkiukata kwa mitaro ya mipaka mipya, mvua ijayo utaondoka tena, na safari hii hautasimama. Nalo ni dogo, halilishi nyumba mbili. Alichukue mmoja."

Nakunda akasema, "Wazee wangu, masale ni yaleyale. Migomba naijua mmoja mmoja. Shamba langu limetembea tu. Mbuzi wako akiingia kwa jirani, anakuwa wa jirani?"

Mndeme akasema, "Shemeji, mimi sikuhama. Nipo palepale alipozikwa babu yangu. Kilichoangukia ardhi yangu nimekilipia kwa mbuzi wangu wote, na wangeishi kama nisingekuja kukuita. Nilichagua watoto wako. Sijuti. Lakini wangu wale nini?"

Senkondo akainuka, mikono imejaa makovu. "Mlinicheka. Ukuta usingekuwepo, leo mngegombea nini? Maji?"

"Ukuta huohuo!" Mndeme akamaka. "Mawe uliyoyachimbua ndiyo yaliyokuwa yameshikilia mlima!"

"Yalichimbuliwa kwa ruhusa," Senkondo akajibu, akamtazama Nakunda.

Watu wote wakamgeukia. Nakunda alitaka kukana, akashindwa. Kweli aliruhusu, tena alifurahi. Alitaka angalau amchukie Mndeme, ili iwe rahisi, lakini mwanawe mdogo alikuwa amelala mapajani mwa Mndeme huyohuyo. Akaumia sana. Msimu wa kupanda ulibaki wiki mbili, na asiyepanda angekwenda nyikani kuomba.

Wazee wakanong'onezana hadi jua likawa utosini. Hawakupatana. Mwishoni wakampa Nakunda jembe wakasema, "Wewe umepoteza, umeokolewa, na umeruhusu. Mwenye jembe hili ndiye mwenye shamba. Mkabidhi anayestahili, au ubaki nalo. Sisi tutasimama na neno lako."

Nakunda akalishika jembe, akawatazama wanaume wawili na watoto wa nyumba zote tatu.

Haya, msiniangalie mimi. Je, ni nani aliyestahili lile jembe? Na yeyote utakayemtaja, wale wengine wawili utawaambia nini, ukiwa umesimama mbele ya watoto wao?